Kisima Kilichokosa Jina

Hapo zamani, zamani ya watu kwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, walikuwapo wachimba visima wawili, Ndahani na Chedego. Ndahani alikuwa na mikono ya kazi. Chedego alikuwa na mgongo wa kuvuta kamba, lakini kichwa chake, jamani, kilivuja. Mimi wasahaulifu siwapendi, nasema mapema msije mkanilaumu. Niliolewa na mmoja.

Huyu Ndahani hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, hakuwa na ndugu. Alikwisha chimba visima kumi na vitatu, na vyote viliitwa kwa majina ya wenye miji. Siku moja ikaja habari kutoka nchi kame ya mbali: "Njooni mtuchimbie. Atakayetuletea maji, kisima kitaitwa kwa jina lake." Ndahani hakuuliza hata watakula nini. Alisema moyoni, basi hata nikifa, kila asubuhi kuna mtu atanitaja.

Wakashika njia. Siku ya kwanza, jua la utosi, wakataka kunywa maji. Chedego akajipapasa. "Lo! Nimesahau kibuyu pale tulipopumzika."

Ndahani akasema, "Kusahau si dhambi, ndugu yangu." Wakarudi kukifuata.

Siku ya pili, "Lo! Nimesahau sururu pale tulipolala."

"Kusahau si dhambi, ndugu yangu." Wakarudi kuifuata.

Siku ya tatu, kwenye njia panda, "Lo! Nimesahau, tuliambiwa kulia au kushoto?"

"Kusahau si dhambi, ndugu yangu." Lakini mara hii alisema huku ameuma meno. Safari ya siku tatu ikawa ya siku saba.

Walipofika, wakakuta watu wanahama na ng'ombe wao kufuata mto. Jumbe wa mji akamwonyesha Chedego kigingi. "Chimbeni hapa. Mwezi ukiandama tutarudi." Kesho yake Ndahani akauliza kigingi kiko wapi. "Lo!" Mnajua jibu. Wakachimba pale alipodhani Chedego, na kumbe sipo.

Wakachimba pima kumi, wakagonga mwamba. Mkavu! Wakakubaliana, leo tukikosa maji, jioni tunafunga mizigo. Ndahani yuko chini, Chedego yuko juu. Chedego akaitazama kamba, akaona imelika, zimebaki nyuzi. "Usipande, itakukatikia! Nakwenda kijiji cha pili kuazima nyingine. Sikawii." Kule kijijini akakuta harusi. Akakaribishwa, akakaa, akala, akacheza. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili.

Ndahani akangoja. Jua likapita juu ya mdomo wa kisima, likaenda zake. Akaita, sauti ikamrudia mwenyewe. Akaijaribu ile kamba, ikakatika, ikamwangukia begani. Ndipo alipoanza kuwahesabu watu wa kwao, mmoja mmoja, ampate atakayeuliza, "Mbona Ndahani harudi?" Hakumpata. Hata mmoja! Alilia, mwanamume mzima, na hapakuwa na mtu wa kumwambia nyamaza. Kimya kile kilimtisha kuliko kiu. Akachukua tindo na nyundo, akaupiga mwamba. Maji alikwisha kuyakatia tamaa. Alitaka asikie kitu tu.

Ko, ko, ko.

Sasa, pale mjini alibaki bibi mmoja, Nyamwaja. Wenzake walipohama yeye alikataa, kwa sababu hakutaka kuliacha kaburi la mtoto wake. Asubuhi akasikia ardhi inagonga. Mwingine angekimbia. Yeye akafuata sauti, akainama juu ya shimo. "Wewe ni mtu au ni nini?"

"Ni mtu, mama. Usiondoke!"

"Niende wapi, mwanangu? Mimi mwenyewe sina wa kuzungumza naye."

Akamtupia matango pori akate kiu. Wakazungumza siku nzima, mmoja juu, mmoja chini, na Ndahani huku anazungumza huku anapiga jiwe. "Mama, nikitoka humu, niombe chochote. Chochote!"

"Toka kwanza," akasema bibi.

Kwake hakuwa na kamba. Siku ya tatu akaenda akazifungua kamba za ngozi zilizoshika paa la nyumba yake, moja moja, akaziunga. Paa likaanguka, puu! Hakugeuka kulitazama. Anakaribia kisima, anasikia ukelele: mwamba umepasuka, maji yanabubujika! Yako magotini. Yako kiunoni. Yako kifuani, na Ndahani kuogelea hajui. Bibi akateremsha kamba, Ndahani akajifunga kwapani. Lakini bibi wa umri ule atalivuta dume zima? Aliizungusha kamba kwenye kisiki, akaikaza asizame, basi. Maji yakafika shingoni.

Huku nyuma, harusini, Chedego alijipapasa akakosa tumbaku. "Lo! Nimesahau tumbaku yangu." Akangoja. Hakuna aliyemjibu. Akangoja yale maneno, kusahau si dhambi, na hapo moyo ukamlipuka: mwenye kuyasema yuko kisimani! Alitoka mbio, nusu siku, hakunywa, hakupumzika, miguu ikatoka damu. Na ile kamba ya kuazima? Aliisahau. Lakini mgongo alikuja nao. Akaishika kamba ya bibi, wakavuta wawili, wakamtoa Ndahani angali hai.

Mwezi ulipoandama, watu wakarudi. Na kwao maji hayachotwi mpaka kisima kitajwe jina. Jumbe akauliza, "Nani ametuletea maji?"

Ndahani akasema, "Ni mimi. Mkono uliopasua mwamba ndio huu. Sina mtoto wa kunitaja. Mle ndani niliwahesabu watu, nikakosa hata mmoja wa kuniulizia. Nipeni jina hili, sitaki kingine."

Chedego akasema, "Nisamehe, ndugu yangu, lakini tuseme kweli. Ningekumbuka kigingi, tungechimba kwingine. Ningekumbuka kurudi, jioni ile tungefunga mizigo, na mwamba ungekuwa mzima mpaka leo. Na mgongo uliokutoa ni wa nani? Maisha yangu yote nachekwa kwa kusahau. Leo kusahau kwangu kumeleta maji, mnataka mnisahau mimi?"

Nyamwaja akasema, "Bila kamba za paa langu, mle mngekuta maiti, na maji ya maiti nani anayanywa? Lakini jina langu silitaki. Zamani mliniita Mama Mbeleje. Mwanangu alipokufa kwa kiu, mkaacha, mkidhani mnanihurumia. Tangu siku ile sijalisikia jina lake mdomoni mwa mtu. Kiiteni Mbeleje." Akamgeukia Ndahani. "Uliniambia nikuombe chochote, mwanangu. Ndicho hicho."

Ndahani akainamisha kichwa.

Jumbe akakwama. Ng'ombe wanalia, wanawake wamesimama na vibuyu vitupu, maji wanayaona. Nanyi msiniletee maneno ya kugawa, eti wapewe wote watatu. Jina ni moja, na yale mawili yatakayobaki hakuna atakayeyataja tena. Haya, mimi wangu mdomo nimeufunga, fungueni yenu: kisima kile kilistahili kuitwa nani?