Wahunzi Waliofua Udongo

Hadithi hii ilinifikia kutoka kwa mtu, naye aliipata kwa mwingine. Isome polepole, kisha mfikishie mwenzako.

Palikuwa na mfalme wa nchi ya milimani aliyekosa usingizi kwa ajili ya vijana wa mji wake. Kila alipopita sokoni aliwakuta wamekaa juu ya mawe, mikono mitupu, wakitazama wapita njia. Washauri wake wakamwambia, "Hawana kazi kwa sababu hawana ujuzi. Wafundishe uhunzi. Chuma hakimwachi mtu na njaa."

Mfalme akajenga shule. Akatoa mawe, mbao, nyundo na fuawe za kufulia. Akamweka Senkoro awe mwalimu, mhunzi aliyetoka nchi jirani, mtu mpole asiyejua kugombana na wakubwa.

Lakini katika nchi ile palikuwa na mila ya tangu zamani. Hakuna aliyeruhusiwa kuwasha moto wa kufulia chuma ila kwa kaa lililotoka kwenye moto wa kifalme. Aliyeutunza moto huo ni Mzee Kibacha, mkubwa wa ukoo wa wahunzi, naye aliwagawia watu wa ukoo wake peke yao.

Senkoro alikwenda kumwomba. Akajibiwa, "Niletee neno la mfalme."

Akaenda kwa mfalme. Walinzi wakamzuia langoni. "Umepewa shule nzima, na bado unaomba?" Akarudi shuleni.

Basi akafundisha alivyoweza. Vijana walifinyanga majembe ya udongo mbichi, wakayafua kwa nyundo juu ya fuawe. Rangi za chuma cha moto walijifunza kwa matunda. "Kikiwa chekundu kama pilipili, bado," Senkoro aliwaambia. "Kikifika rangi ya papai bivu, piga." Vijana wakakariri pilipili, wakakariri papai. Masomo yalipokwisha kila mmoja akavikwa ngozi ya mhunzi kiunoni, na ngoma zikapigwa.

Mvua zikaja, zikapita. Mfalme akapita tena sokoni, akawakuta vijana walewale juu ya mawe yaleyale, ila sasa wamevaa ngozi.

Akamwita Senkoro mbele ya watu. "Nimekupa vijana wasio na kazi, umenirudishia vijana wasio na kazi wenye ngozi," akasema. "Mchague mwanafunzi wako aliye bora. Kesho atafua jembe hapa uwanjani, nami nitachimba nalo ardhi kwa mkono wangu. Likichimba, shule itabaki. Likivunjika, wewe na watu wako mtauhama mji huu kabla jua halijatua."

Senkoro akafungua kinywa kusema juu ya moto, kisha akakifunga. Aliona kwamba mbele ya hasira ile, ukweli ungesikika kama kisingizio.

Asubuhi alimkuta mkewe anafunga vyungu kwa kamba.

"Mama Nakijwa, unafunga mizigo kabla sijashindwa?"

"Nafunga nikiwa na nguvu, Baba Nakijwa. Ukishindwa nitakuwa nalia, na anayelia hafungi fundo likakaza."

Uwanja ulijaa. Wahunzi wa ukoo walisimama mbele, mikono kifuani. "Leo mfinyanzi atakutana na chuma," mmoja wao akasema, na wenzake wakacheka chinichini. Wao walijua habari za udongo. Mfalme hakujua, wala hapakuwa na aliyethubutu kumwambia.

Mzee Kibacha akaleta kaa la moto ndani ya chungu, maana safari hii mfalme mwenyewe alikuwa ameagiza. Mbonea, kijana aliyechaguliwa, akavuta mivukuto. Moto ukaruka, ukamwunguza nyusi. Watu wakaangua kicheko. Senkoro hakucheka. Alikuwa anaona jambo ambalo wengi hawakuliona: kijana yule hajui moto unafika wapi.

Chuma kikaiva. Mbonea akageuka. "Papai, Mwalimu?"

"Mwalimu anyamaze," mfalme akasema.

Mbonea akakitazama chuma tena, akangoja, akakivuta kwa koleo na kupiga. Akapiga vizuri. Nyundo ilishuka pale inapotakiwa kushuka, na jembe likaanza kutoka: shingo, mabega, mdomo mpana. Kicheko kikafa. Wahunzi wa ukoo wakashusha mikono kutoka kifuani.

Likabaki jambo moja, maji ya kulikaza. Maji wanafunzi wake hawakuwahi kuyajaribu, kwa sababu udongo mbichi ukitiwa majini huyeyuka. Alikuwa amewaambia kwa mdomo tu, "Kabla ya kulizamisha, liache lipoe kidogo." Lakini kidogo ni kiasi gani? Hilo huonyeshwa, halisemwi.

Mbonea akaliacha kidogo, kama alivyoambiwa. Akalizamisha. Maji yakachemka, na ndani ya mvuke ikasikika sauti nyembamba, ta.

Senkoro akafumba macho.

Mfalme akalitia jembe mpini, akaliinua, akaipiga ardhi. Likakatika shingoni.

Mbonea alisimama na koleo mkononi, hajui pa kuliweka. Ndipo Mzee Kibacha alipoinama, akaokota kipande, akakitazama palipokatika.

"Kijana, umeshafua mangapi kabla ya hili?"

"Hili ndilo la kwanza, babu."

Mfalme akageuka. "La kwanza? Shuleni mlikuwa mnafua nini?"

"Udongo, Mtukufu."

"Mimi la kwanza langu halikufika hata kwenye maji," Kibacha akasema. "Baba alilitupa kichakani, mama asije akaliona." Wahunzi wakacheka, safari hii kwa namna nyingine. "Kuvunjika hakunishangazi, Mtukufu. Kinachonishangaza ni umbo lake. Mwalimu aliyemfikisha mtu hapa kwa udongo si mtu wa kufukuzwa."

"Kama walifua udongo, basi hawakuwa na moto," mfalme akasema. "Nani aliyewanyima?"

Kibacha akakiweka kipande chini.

"Mkono ulionyima ni wangu," Kibacha akasema. "Mila ni ya babu yako. Wala sikuwanyima kwa chuki. Soko letu ni dogo. Majembe yakizidi wanunuzi, wanangu nao watakwenda kukaa juu ya mawe yale."

Mfalme hakumkemea. Hofu ya mzee ilikuwa hofu ya kweli, naye mfalme alikuwa hajawahi kuiulizia.

Senkoro akasikia sauti yake mwenyewe ikitoka. "Mtukufu, nilipokuja huku nilipita bondeni. Kule wanalima kwa vijiti. Jembe moja likiwafikia, wanalipa mbuzi na bado wanagombania."

Mfalme akautazama mpini uliobaki mkononi mwake.

"Neno langu limetoka mbele ya watu, na siwezi kulimeza," akasema. "Jembe limevunjika. Senkoro, utauhama mji huu kabla jua halijatua."

Senkoro akainamisha kichwa. Mkewe, aliyekuwa ukingoni mwa uwanja, akaweka mkono mdomoni.

Kisha mfalme akamgeukia Kibacha. "Mjazie chungu cha moto aende nao bondeni. Na kuanzia leo, anayejua kufua asiombe moto mara mbili."

Jioni ile Senkoro aliteremka mlima. Mkewe alitangulia na mizigo yake iliyofungwa vizuri. Nyuma walikuja vijana wenye ngozi, ingawa si wote. Wengine walibaki juu ya mawe wakiwatazama, na sitawalaumu, maana aliyekwisha kuahidiwa mara moja huogopa ahadi ya pili. Upepo ulipovuma walikizunguka chungu, wakaukinga moto kwa migongo yao.

"Mwalimu," Mbonea akauliza, "tukifika tutaanza na nini?"

"Na lile lililovunjika. Umelichukua?"

"Nimelichukua."

Funzo: Elimu humwandaa kijana kwa kazi, lakini haiwezi kuwa kazi yenyewe. Kabla hujamlaumu aliyefundishwa au aliyemfundisha, uliza kama walipewa moto, na kama kuna aliyeonyeshwa mahali jembe linapohitajika.