Kipepeo Juu ya Kidole cha Mama

Mama zangu, shikamooni. Dada zangu, poleni na kazi. Mfano huu si wangu. Nilipewa na Mama Nakijwa, huyu anayetupangia maua ya altareni, siku tulipofagia kanisa pamoja nami nikamwonyesha picha za mwanangu kwenye simu. Alizitazama zote na hakusema kama ni nzuri. Aliegemeza ufagio ukutani, akaketi, akanisimulia. Leo zamu ya kutoa neno imeniangukia, na kwa kuwa sina neno kubwa, nawapa hili nililopewa.

Kulikuwa na fundi cherehani mmoja, mtu mwema. Naomba tulishike hilo kabla ya yote. Hakunywa pombe, hakumpiga mtu, sadaka alitoa. Baba yake alipofariki, alimleta mama yake mzazi kuishi naye, akampa chumba chenye dirisha linalotazama bustani ya nyuma, akamnunulia godoro jipya. Tukipimwa kwa hayo, ni wangapi hapa tungemshinda?

Fundi huyu alipata simu yenye kamera nzuri, na kamera ile ikamfumbua macho. Bustani aliyokuwa akiipita kila siku kwenda bafuni akaiona kama mtu aliyehamia jana. Wakati wa masika alilala kifudifudi kwenye tope ili apige picha uyoga uliochipua kwenye gogo. Jirani yake alimchungulia juu ya ua, akamwambia, "Fundi, sisi wenzako uyoga tunautia karanga, wewe unautia kwenye simu." Fundi akacheka, akaendelea.

Masika hayo hayo mama yake alirudi kutoka kuchuma mboga, mguu mmoja una kandambili, mwingine mtupu.

"Mwanangu, kandambili imenivuka huko nyuma na mimi sikujua. Mguu huu siusikii."

"Ni uzee, Mama," fundi alisema. Akaenda kuitafuta kandambili, akaipata kwenye mchicha, na pembeni yake akamwona kinyonga. Kandambili akaisahau pale pale. Kinyonga alitoka vizuri sana kwenye picha.

Ikaja kipupwe. Mnaijua baridi yetu ya milimani. Alfajiri fundi alikuwa nje na koti lake, akipiga picha utando wa buibui ulioshika umande, kila uzi umevaa shanga. Ndani, mama yake alisogeza miguu karibu na jiko la mkaa. Mtu mwenye mguu mzima angeuvuta upesi. Yeye hakuuvuta, kwa sababu hakusikia moto. Alipotazama, lengelenge lilikuwa limekwisha kuvimba. Alichana kipande cha kanga, akafunga mguu wake mwenyewe.

Alimwambia mwanawe? Alimwambia. Aliomba apelekwe zahanati, na mwanawe akasema watakwenda Jumamosi. Jumamosi ilipofika, ndege chozi walikuwa wanajenga kiota kwenye mti wa komamanga, na ujenzi wa chozi haumngojei mtu. Jumamosi nyingine kulikuwa na harusi, na nguo za watu hazijaisha kushonwa. Mama hakudai. Mama zetu wanajua kuomba mara moja, na mara ya pili wanaona haya. Kiangazi kikapita hivyo, mama akibadilisha kitambaa, na mwana akipiga picha nyuki wanaokunywa maji kwenye bomba linalovuja.

Mvua za vuli zilipoanza, vipepeo wakatoka. Mchana mmoja mama alikuwa ameketi bustanini, mguu ameuweka juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa amefungua kitambaa ili kidonda kipate jua. Akaja kipepeo mkubwa, mweusi mwenye mistari ya buluu, akazunguka maua ya maboga, akayaacha, akatua juu ya kidole cha mguu wa yule mama.

Fundi alikuja akinyata.

"Mama, usitikisike."

"Sitatikisika, mwanangu. Wala sikusikia alipotua."

Fundi alidhani ni utani. Akapiga picha ya kwanza, akapiga ya pili, mpaka kumi na moja, na kipepeo hakuondoka. Akamwambia mama yake kwa furaha, "Wewe Mama ni mtulivu kuliko ua." Mama akatabasamu, kwa kuwa ni siku nyingi mwanawe hakumchuchumalia karibu namna ile.

Usiku ule picha ilikwenda kwenye kundi la simu la kwaya yake. Sifa zikamiminika. Mmoja akaandika, Mungu wetu ni fundi. Mwingine akasema picha hiyo ichapishwe kwenye kalenda ya usharika. Watu arobaini na kitu waliiona. Kisha dada mmoja wa sauti ya pili, ambaye ni muuguzi, akaandika mstari mmoja tu: "Kaka, kipepeo nimemwona. Huo mguu ni wa nani?"

Fundi aliikuza picha ile kwa vidole viwili. Safari hii hakukuza mabawa. Alikuza palipokuwa chini ya mabawa. Kidole kilikuwa cheusi. Pembeni yake kulikuwa na shimo lililoingia ndani. Na kipepeo, jamani, hakuwa ametua pale kwa sababu ya uzuri. Alikuwa ameteremsha ule mrija wake, anakunywa usaha.

Hospitalini daktari aliuliza kidonda kilianza lini. Fundi akajibu kwamba hajui. Lakini simu yake ilijua, maana kila picha ina tarehe. Akiwa kwenye benchi la nje, wakati mama yake anakatwa mguu juu ya goti, alirudi nyuma picha kwa picha. Kwenye picha ya nyuki, pembeni, kulikuwa na mguu wenye kitambaa kilicholowa. Kwenye picha ya chozi, nyuma kabisa, mama alikuwa ameshika ukuta ili atembee. Miezi yote hiyo mama yake alikuwa ukingoni mwa picha, anaoza, na yeye ndiye aliyepiga picha hizo zote kwa mkono wake.

Mama hakuamka. Sumu ilikuwa imeshapanda. Na walipomwomba fundi picha ya marehemu ya kutangulia mbele ya jeneza, hakuwa na hata moja yenye uso.

Sasa mama zangu, tusimhukumu haraka. Aliyoyapenda fundi ameyaumba Mungu, na hakuna dhambi ndani ya kipepeo. Tujiulize sisi. Ni nani nyumbani kwetu tunamwambia asitikisike? Tuna mtoto asiyelia, tunamsifu kwamba hana usumbufu. Tuna mume ambaye siku hizi haongei, tunasema amekuwa mpole. Tuna mzee wa chumba cha nyuma ambaye kila tukimuuliza anasema hajambo, na sisi tunashukuru na kupita. Tunausifu utulivu wao. Kumbe wamekufa ganzi. Na uzuri tunaouonyesha watu, watoto wetu wasafi, nyumba yetu, kwaya yetu, umetua juu ya mguu wa nani? Tutaulizwa, na hatutaulizwa habari za kipepeo.

Mama Nakijwa alipomaliza alichukua ufagio wake, akaendelea kufagia.

Kesho yake asubuhi nilifungua simu, nikazitazama upya picha za mwanangu, tangu alipozaliwa wakati wa mvua mpaka sasa anapotambaa. Karibu kwenye zote kuna mtu aliyempakata, na mtu huyo nimemkata kichwa. Ni mama mkwe wangu. Kwenye picha zote, hata za kiangazi, amevaa soksi nyeusi. Nimekaa naye miaka mitatu na sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda kubisha hodi mlangoni kwake. Nikamwamkia. Akaitikia, akauliza mjukuu wake ameamkaje. Nikamwambia hajambo. Kisha nikaketi sakafuni nikasema, "Mama, leo nimekuja kwa ajili yako. Naomba niione miguu yako." Akasema haina kitu, ni baridi tu. Sikuinuka. Mwishowe akanyoosha mguu wa kushoto mpaka mapajani mwangu, nami nikaanza kuivua soksi, polepole, kwa kuwa ilikuwa imegandia kwenye ngozi.