Jani la Mama Julienne

Wahenga walionya kwamba kasoro ndogo ikipuuzwa huzaa kazi kubwa. Labda walikuwa wakifikiria nyumba. Mzee Léonard wa komini iitwayo Kenya, mtaa wa mjini Lubumbashi, aliwaongezea mfano wa sigara.

Ilikuwa sigara nene isiyo na karatasi, tumbaku ndani, jani nje. Mkewe, marehemu Julienne, aliiviringa akiwa mgonjwa, akamwambia aivute siku binti yao Plamedie atakapoolewa. Aliilaza ndani ya mkebe pamoja na kitambaa chenye unyevu, jani lisije likakauka na kupasuka.

Lakini mzee alilelewa Mitwaba, na kwa mama yake tumbaku ilihifadhiwa juu ya moshi ili isioze, sawa na mbegu za mahindi. Basi kwa mapenzi yote aliitoa sigara mkebeni, akaining'iniza juu ya mbabula, jiko lao la makaa. Kiangazi kilipoleta upepo wake mkavu, Plamedie aliona ufa mwembamba kama unywele.

"Papa, jani linapasuka. Lete nipake gundi ya unga wa muhogo, tone moja tu, tuirudishe mu mukebe."

"Ile haiko ufa, iko makunyanzi. Mbona yangu haupake gundi?"

"Yako iko mengi, papa. Unga itaisha."

Wakacheka hata wakausahau ufa. Ufa haukuwasahau.

Asubuhi ya arusi, mzee alivaa suti, akaishika sigara. Jani likavunjika kama ganda la karanga, likafumuka, vipande vikadondoka juu ya viatu vilivyong'aa. Mzee akainama kuviokota kimoja kimoja.

"Nimeharibu kazi ya mama yako," akanong'ona.

Plamedie, shela kichwani, akapiga magoti kando yake. Tone moja halikufaa tena. Alichukua jani zima katika fungu la tumbaku lililoachwa na mama yake, akalifunika kwa kitambaa chenye maji, akangoja mpaka likawa laini kama sikio la mtoto. Simu kutoka kwa Caleb, bwana arusi, ikalia wee.

"Nimujibu nini?" baba akauliza.

"Mwambie bibi arusi wake iko anajenga ukuta."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, mzee akatabasamu. Plamedie akalizungusha jani taratibu, akabandika ncha yake kwa gundi.

"Lakini jani la mama limekwisha," mzee akasema.

"La inje tu, papa. Ndani bado iko vile alipanga na mikono yake."

Walifika kanisani misa imechelewa, padri amenuna, sigara imo mkebeni, mkebe umo mfukoni. Unyevu wa kitambaa ukalowesha suti kifuani, na wageni wakadhani ni machozi. Machozi yalikuja baadaye, uani, mzee alipoivuta hadi mwisho na jani halikuachia, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake.

Tone la gundi lingetosha. Badala yake kanisa zima lilingoja. Hakika, usipoziba ufa utajenga ukuta.