Mgomo wa Kinu cha Ufuta

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakiamka na kwenda kazini kama baba zenu, Kifaru alikuwa na kinu kikubwa cha kukamulia mafuta ya ufuta. Nyati, Ngiri na Punda waliusukuma mti wa kinu wakizunguka tangu asubuhi mpaka magharibi. Pimbi, mdogo kuliko wote, alikaa juu ukingoni na kijiti chake.

Siku moja ya jua kali Punda akaomba maji.

"Zunguka!" akafoka Kifaru.

Punda akazunguka mara mbili, kisha puu! Akaanguka, wala hakuamka tena.

Walimzika jioni ile ile. Asubuhi yake hakuna aliyeugusa mti wa kinu.

"Tunataka pumziko la adhuhuri na maji ya kunywa," Nyati akamwambia Kifaru. "Hatuombi zaidi."

"Kaeni na njaa zenu!"

Wakakaa. Kila walichopata walikipika katika chungu kimoja, wakala pamoja. Siku ya nne chunguni mlikuwa na majani matupu, na Pimbi akamwona Ngiri akitoka kwa Kifaru, macho chini.

"Kaka Ngiri, unarudi kazini?"

"Nina watoto saba, Pimbi. Nifanyeje? Ameniahidi unyapara."

Pimbi aliumia moyoni. Mmoja akirudi, wa pili atafuata, na Punda atakuwa amekufa bure. Hakumtukana Ngiri. Alikwenda moja kwa moja kwa Kifaru, akainama mpaka pua ikagusa vumbi.

"Shikamoo, Bwana. Naomba nirudi kazini."

"Wewe? Una kazi gani wewe? Kukaa pale juu na kudokoa ufuta wangu!"

"Kweli, Bwana, mimi si kitu. Ila Nyati anajigamba kwamba bila sisi hupati hata kibuyu kimoja cha mafuta."

"Ati nini? Kesho nitakamua mwenyewe na Ngiri! Nikishindwa kabla ya adhuhuri, pumziko lenu na maji nawapa!"

"Aa, Bwana, usiape mbele ya watu. Utatuaibisha."

"Nitaapa mbele ya kijiji kizima!"

Na akaapa kweli. Asubuhi, watu wamejaa, akauegemea mti kwa bega lake nene, Ngiri kando yake. Krii, krii, krii! Kinu kikazunguka upesi kuliko siku zote.

"Pimbi, umetumaliza," Nyati akanong'ona.

"Subiri, kaka."

Kifaru hakujua jambo moja. Siku zote, kutwa nzima, Pimbi alikuwa akikwangua kwa kile kijiti mashudu, yale makapi ya ufuta, yaliyoganda pembeni mwa kinu. Leo hakuna aliyekwangua. Jua likapanda, mashudu yakashikana. Kraa... kraaa... kwa! Mti ukakwama.

"Sukuma, Ngiri!"

"Maji, Bwana..."

"Sukuma, nimesema!"

Ngiri akasukuma mara moja, akaanguka. Puu!

Kila mtu pale akamkumbuka Punda. Nyati akakimbia kumwinua, Pimbi akaja na kata ya maji.

"Mnaninywesha mimi?" Ngiri akalia. "Mimi niliyewasaliti?"

"Kunywa kwanza," akasema Nyati. "Wewe ni mwenzetu."

Ngiri akanywa. Kisha akajikokota, akaenda kukaa upande wa wenzake.

Kifaru akabaki peke yake. Akasukuma mpaka macho yakamtoka, mti haukusogea hata kidogo. Mwisho akaenda kujitupa kivulini, anahema.

"Nimeshindwa," akasema, na kijiji kizima kikasikia. "Mtapumzika adhuhuri, na mtungi wa maji utakuwapo. Haya, njooni sasa mnikwamulie kinu changu!"

Pimbi akalitazama jua. Lilikuwa limesimama utosini.

"Tutakuja, Bwana," akajibu kwa adabu, akaketi kivulini kando ya Ngiri. "Lakini sasa hivi ni adhuhuri."

Ndiyo hivyo, wanangu: hakuna kazi isiyo na maana, na wafanyakazi wasipoachana, mwenye nguvu atawasikia.