Fisi Aliyekula Mkataba

Sogeeni wajukuu zangu, ila mtu asiikalie kanga yangu. Mwaka huo jua liliwaka mpaka nchi ya Simba ikakauka, na nchi ya Kiboko nayo ikakauka. Kikabaki kisima kimoja, mpakani.

Wafalme hao wawili walishapatana zamani juu ya kisima hicho, na maneno yao yakaandikwa kwenye ngozi ya ng'ombe. Simba, kwa ukubwa wake, hakutaka ushauri wa mtu. Akampa Fisi aitunze. Ngozi ya ng'ombe, kwa Fisi, jamani.

Basi Fisi akajiweka kisimani. Akaja Swala na mwanawe, ulimi wa mtoto umekauka.

"Shikamoo mzee. Tunaomba maji."

"Marahaba. Mkataba unasema, anayekunywa aniachie mtoto."

"Na huo mkataba uko wapi, tuuone?"

"Nimeuhifadhi pazuri," akasema Fisi, akijipapasa tumbo.

Swala akalia mpaka wafalme wakaja, kila mmoja na mwanawe. Sungura naye akaja, wala hakuitwa.

"Yale maneno mimi niliyafanya hadithi siku ileile," akasema Sungura. "Ng'ambo zote mbili ndiyo wanayolazia watoto."

Fisi akacheka. "Hadithi ni za vikongwe. Sheria ni ngozi."

"Kweli," akanguruma Simba. "Mfalme mzima nihukumu kwa hadithi?"

"Sawa, baba. Lakini mwanao na wa Kiboko hawajawahi kuonana kabla ya leo. Wasikilize tu."

Mtoto wa Kiboko akapelekwa nyuma ya kichuguu, mbali. Mtoto wa Simba akasimulia: "Kisima ni cha wote. Asidaiwe mtu mtoto wala mkia. Atakayedai, atakunywa wa mwisho." Simba mwenyewe akaanza kusinzia, maana mkewe huisimulia kila siku.

Akaitwa mtoto wa Kiboko. Naye yaleyale, neno kwa neno. Fisi alipojaribu kumkatiza, akaambiwa, "Usinirukishe, babu, nitaanza upya."

"Lakini ngozi inasema..." akaanza Fisi.

"Ilete," akasema Simba.

Tumbo la Fisi ndilo lililojibu, grrr.

Swala na mwanawe wakanywa wa kwanza. Fisi akanywa wa mwisho, na aliyemtangulia alikuwa Kiboko, tena aliingia mzimamzima. Akaachiwa tope.

Ndiyo wazee husema: njia ya mwongo ni fupi. Haya, nipeni kanga yangu.