Mikate Sita ya Mzee Kifaru

Hapo zamani za kale, zamani kabisa, kabla tumbo langu halijaanza kunitangulia mlangoni, wanyama walikuwa na nyumba zao, na nyua, na majiko, na majirani wambeya, kama sisi tu.

Sogeeni. Wewe uliye nyuma, acha kumsuka mwenzako, maana leo kuna kukata mikate, na asiyekiangalia kisu atapotea.

Nyumba kubwa kuliko zote ilikuwa ya Mzee Kifaru. Kuta za mawe, paa lisilovuja, vyumba tele. Aliishi humo yeye na mkewe tu. Vyumba vingine vililaliwa na mijusi.

Pimbi naye alikaa jabalini. Mnamjua pimbi? Mnyama mdogo, hana mkia, kiuno kimejaa kidogo. Nimetembea nchi nyingi, na kila nilipomwona juu ya jiwe nilihisi nimekutana na ndugu wa damu. Basi masika yalipoanza, jabali lake likalowa, likalegea, likaporomoka. Gubudu! Nyumba kwisha.

Bahati nzuri wote walitoka salama: Pimbi, mkewe, mama yake mzee asiye na jino hata moja, na watoto watano. Hesabuni kwa vidole. Wanane.

Wakafika kwa Mzee Kifaru wakiwa wamelowa chapachapa.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Kifaru alikuwa barazani na rafiki yake Kiboko. Jikoni Bi Kifaru alikuwa anaepua mikate ya kumimina, na harufu ya nazi na iliki ilikuwa imetanda ua mzima.

"Shikamooni, wazee wangu," akasema Pimbi.

"Marahaba. Mbona mko kundi zima? Mnakwenda harusini?"

"Jabali limeanguka, mzee. Tunaomba kujistiri kwako mpaka masika yaishe."

Kifaru akakunja uso. Alitaka kusema hapana, lakini hakuweza. Nchi ile ilikuwa na mila yake: anayebisha hodi mvua ikinyesha hugawiwa chakula kilichoiva. Aliyepata fungu kamili ni mgeni, halali nje mpaka masika yaishe. Aliyekosa fungu huendelea na safari. Ukubwa wa fungu hutajwa na mwenye nyumba, naye akishapiga mguu chini, hageuzi.

"Mke wangu wee! Umepika mikate mingapi?"

"Sita!" ikajibu sauti jikoni. "Na usiseme mmoja, wameshanusa yote!"

Kifaru akajikuna pembe. "Haya. Fungu ni mkate mzima. Mikate sita, wageni sita. Wawili waende zao."

 Mvua ikazidi kunyesha uani, tap, tap, tap.

Bibi akajifunga kanga vizuri. "Mwanangu, mimi nitakwenda. Nimeshaishi ya kutosha."

Mjukuu mdogo kuliko wote akaikamata ile kanga. "Bibi akienda, na mimi naenda."

Pimbi akawatazama. Nje kulikuwa na mafuriko, na pimbi hajui kuogelea. Kifaru naye alikuwa ameshanyanyua mguu.

"Subiri, mzee, usipige!" akaruka Pimbi. "Mkate mzima? Mtu mkubwa kama wewe? Kila mtu anajua kugawa kwa mkate mzima. Gawa kwa robo tatu."

"Robo tatu?"

"Kila fungu robo tatu ya mkate. Ila, samahani mzee, hesabu yake labda ni nzito..."

"Nzito kwa nani?" Kifaru akafoka. "Kiboko! Mwambie huyu."

Kiboko akafumba macho ili aonekane anafikiri. "Kugawanya ni kupunguza, ndugu yangu, hilo halina ubishi. Sita kwa robo tatu... nusu ya sita ni tatu, robo ya sita ni moja na nusu. Jumlisha. Nne na nusu!"

"Wanne na nusu!" Kifaru akacheka mpaka mijusi ikatoka vyumbani. "Na huyo nusu atalala upande gani? Wa kichwa au wa mkia?"

"Mkia wenyewe hawana!" akadakia Kiboko. "Kwa-kwa-kwa!"

"Pimbi, una akili kweli wewe? Nilikuwa nimewapokea sita, sasa nabaki na wanne."

"Mimi ni mdogo, mzee," akasema Pimbi, ameinamisha kichwa. "Fungu unalitaja wewe."

Kifaru hakungoja. Di! Mguu chini. "Fungu ni robo tatu ya mkate! Nimetaja!"

Mke wa Pimbi akamfinya mumewe kiunoni. "Baba Chepe! Umechanganyikiwa?"

"Kingoje kisu, Mama Chepe. Kingoje kisu."

Bi Kifaru akaleta sinia. Mikate sita, ya mviringo, kahawia kwa juu. Hata mimi ninayesimulia mate yananitoka.

"Mama," akasema Pimbi, "robo tutaipataje bila kukata robo? Naomba kila mkate uwe vipande vinne, sawa kwa sawa."

Kacha! Kacha! Kila mkate vipande vinne. Kiboko akahesabu kwa sauti, maana alipenda kuhesabu vitu vya watu. "Ishirini, ishirini na moja... ishirini na nne! Ala! Mbona vimezidi? Si tunapunguza?"

"Hatujagawa bado, mzee, tumekata tu. Sita mara nne. Sasa robo tatu ni vipande vingapi?"

"Vitatu," akasema Kifaru. Hapo sauti yake ilikuwa imeshapungua kidogo.

Bi Kifaru akaanza kugawa. Vitatu kwa Mama Chepe. Vitatu kwa Chepe. Vitatu, vitatu, vitatu, vitatu kwa wadogo zake. Vitatu kwa Pimbi. Saba wamepata! Kiboko akasahau kufunga mdomo.

Akabaki Bibi. Bi Kifaru akatazama sinia.

Vipande viwili.

"Viwili!" Kifaru akaruka. "Fungu halijatimia! Kikongwe aende!"

Pimbi akavihesabu tena vile viwili. Alikuwa ameipiga hesabu hii kichwani mara tu alipoisikia ile sita, akairudia kimoyomoyo, na kila mara ilitoka nane. Ishirini na nne, tatu tatu, ni nane. Robo moja imekwenda wapi?

Akamgeukia mama yake. Mama yake akaangalia paa.

"Mama, fungua mdomo."

"Mm-mm."

"Mama!"

Bibi akameza, gluk. "Sikutafuna," akasema. "Nitafune na nini? Nimekimumunya tu. Ile iliki, mwanangu, ilinishinda."

"Wizi!" akapiga kelele Kiboko.

"Wizi gani?" Bi Kifaru akashika kiuno. "Kipande kimo tumboni mwa mgeni, naye yumo ndani ya ua wangu. Kile kimoja na hivi viwili ni vingapi? Haya, Bibi, karibu. Chumba chako kile pale, karibu na jiko."

Pimbi akashusha pumzi ndefu, fuuu, mpaka akakaa chini bila kutaka. Mjukuu akaiachia kanga. Ilikuwa imekunjamana yote.

Kifaru akaketi pia, ameduwaa. "Lakini sita... nimegawanya sita, nikapata nane! Mmeongeza mikate nyie!"

"Hakuna aliyeongeza, mzee," akasema Pimbi. "Mliitafuta robo tatu ya mikate sita, ndiyo hiyo nne na nusu. Lakini mila inauliza jingine: ndani ya mikate sita mna mafungu mangapi ya robo tatu? Fungu ni dogo kuliko mkate, basi mafungu lazima yawe mengi kuliko mikate."

"Na ile robo tatu?" akauliza Kiboko. Sasa alitaka kujua kweli. "Si ni tatu juu ya nne?"

"Imegeuka kichwa chini. Nne imepanda juu, kwa sababu kila mkate umetoa vipande vinne, tukazidisha. Tatu imeshuka chini, kwa sababu kila fungu limekula vipande vitatu, tukagawa. Sita mara nne, gawa kwa tatu. Kisu kimefanya hivyo mbele ya macho yenu."

"Shukuru hukusema robo moja," Bi Kifaru akamwambia mumewe. "Leo tungelaza ishirini na wanne."

Kifaru akalitazama sinia. Jeupe. "Na sisi je? Tutakula nini?"

Hapo Bibi akajikokota mpaka barazani, akamwekea mkononi kipande kimoja katika vile viwili. "Kula, mwanangu. Mimi nimeshakuwa mgeni, hunitoi tena."

Kifaru akakitazama kile kipande. Kwanza akanuna, kisha mdomo ukamcheza, kisha akacheka. Akakikata nusu, akampa Kiboko, na Kiboko akamuuliza Pimbi hiyo sasa ni sehemu gani ya mkate.

Mvua ikanyesha masika yote, vuuu, na pimbi wote wanane wakalala pakavu. Mijusi ikahamia stoo.

Nawe mwanangu, kabla hujacheka hesabu ya mdogo wako, shika kisu ukate mkate kwanza.