Mrindoko Hajakosea

Sogeeni, wanangu. Kale, kale ile ambayo hata bibi ya bibi yangu aliisikia tu, palikuwa na kijiji mlimani, na juu ya kijiji bwawa. Maji yake yalizuiwa na tuta la mawe na udongo. Chini ya tuta palikuwa na tundu, na tundu lilizibwa kwa gogo. Ukichomoa gogo, maji yanashuka mashambani. Ukilirudisha, yanatulia. Mmeliona? Haya.

Kijiji kile kilikuwa na desturi yake. Siku ya karamu ya mavuno, aliyekosea kazi mwaka ule alikula akitazama ukuta. Umevunja mpini wa jembe? Ukuta. Umepanda kabla ya mvua? Ukuta. Nakijwa, binti mchapakazi, aliujua ukuta ule kuliko uso wa mama yake. Lakini Mrindoko hakuutazama hata mara moja. Mnajua kwa nini? Hakushika jembe, hakushika mbegu, hakushika kitu. Alisimama kando ya shamba, mikono nyuma, akisema, "Ningekuwa mimi, nisingefanya hivyo."

Mnacheka! Mnauliza alikula nini? Anayesifiwa hakosi pa kula.

Mlinzi wa gogo alipofariki, wazee wakasema, "Apewe asiyekosea." Akapewa Mrindoko.

Ikaja mvua. Ikanyesha, ikanyesha, ikanyesha. Maji yakapanda, yakapanda, yakafika ukingoni mwa tuta. Nakijwa akaja mbio, matope hadi magotini.

"Kaka Mrindoko, chomoa gogo!"

"Nikichomoa, yakasomba mahindi?"

"Mahindi yatapandwa tena! Mama yuko kule chini, na miguu haimbebi!"

"Dada, mimi tangu nizaliwe sijatazama ukuta."

"Basi nishike mkono tu, gogo nitalivuta mimi!"

Mrindoko akarudisha mikono nyuma.

Nakijwa akaingia majini peke yake. Akavuta, akavuta, akavuta. Gogo likatoka, lakini alikuwa amechelewa: tuta nalo likaachia. Yeye maji yakamtupa vichakani. Nyumba ya mama yake yakaibeba, na mama ndani.

Subirini, wanangu, msilie bado. Uchungu wenyewe uko mbele.

Wazee wakaketi. "Nani aligusa gogo?"

"Mimi," akasema Nakijwa.

"Na wewe, Mrindoko?"

"Sikugusa kitu, wazee wangu. Mwulizeni mwenyewe."

"Ni kweli," akasema Nakijwa. "Hakugusa."

Siku ya karamu Nakijwa alikula akitazama ukuta, wala hakuwapo mama wa kumwambia pole. Mrindoko akapewa nundu ya ng'ombe, nyama ya heshima.

Kulipokucha wakaitana kujenga tuta upya. Walikuja wote, wote mikono nyuma.

"Anza wewe."

"Nianze mimi, jiwe likae vibaya?"

Jua likatua, hakuna jiwe juu ya jiwe. Nakijwa? Alikuwa ameshafunga mzigo wake, amevuka mlima, na hakurudi. Kiangazi kikaja, mashamba yakakauka, kijiji kikaisha. Mrindoko alikufa kwa kiu, wanangu, na hadi pumzi ya mwisho alikuwa hajakosea.

Mkono usioshika kitu haukosei kitu, wala hauokoi mtu. Kesho ukivunja mtungi ukiteka maji, njoo uniambie. Sitakugeuza ukutani.

Kisa changu kimefika mlangoni. Kizuri chake kibebeni, kichungu chake niachieni mimi.